Bahari kwa Kioo Kimoja, Mbingu kwa Kioo Kingine

Msomaji mpenzi, kama unayo picha ya pwani nyumbani kwako, labda imetundikwa ukutani karibu na kalenda, hebu itazame tena. Bahari yaonekana, ngalawa zaonekana, minazi yaonekana. Lakini mbingu je? Mara nyingi utakuta mbingu ni nyeupe tupu kama karatasi isiyoandikwa, hata kama siku ile mawingu yalikuwa yametanda vizuri ajabu. Au utakuta kinyume chake: mawingu yametoka safi, lakini chini bahari ni nyeusi kama wino, na wavuvi hawana nyuso.

Watu husema, "Kamera hii mbovu," au, "Aliyepiga hajui kazi." Pengine wanamwonea bure. Shida hii ni ya zamani karibu sawa na kazi yenyewe ya kupiga picha, na namna mafundi walivyoishinda ndiyo habari ninayotaka kukueleza leo. Walipiga mara mbili, mara nne, hata mara nyingi zaidi, kisha wakaunganisha zote katika picha moja. Lakini hapo lazuka swali kubwa kuliko picha yenyewe: mtu akichanganya picha mbili zikawa moja, je, asema kweli au asema uongo?

Swali hilo si la mafundi wa Ulaya tu. Siku hizi simu za kupiga picha zimefika vijijini, na picha huenda huku na huku upesi kuliko barua. Yafaa baba, mama na watoto wajue jinsi picha inavyotengenezwa, wapate kujua pia ni ipi ya kusadiki.

MITUNGI CHINI YA UPENU

Chukua mfano wa nyumbani. Mvua inanyesha, nawe umepanga mitungi miwili chini ya upenu wa nyumba. Mmoja uko mahali maji yanapomwagika kwa nguvu. Mwingine uko pembeni, yanapodondoka tone tone. Ukiiondoa yote kwa wakati mmoja utakuta nini? Wa kwanza umefurika, na wa pili una maji ya kufunika kitako tu. Ukitaka huo wa pili ujae, huna budi kuuacha muda mrefu zaidi. Lakini hapo ule wa kwanza utakuwa umefurika zamani.

Kamera ni vivyo hivyo. Jicho lake likifunguliwa, mwanga waingia na kujikusanya ndani. Mbingu yamwaga mwanga mwingi. Mwamba, kivuli cha mnazi, na ubavu wa wimbi hutoa kidogo tu. Lakini jicho la kamera hufunguka na kufungwa kwa vyote pamoja. Ukilifungua muda mfupi, mbingu hutoka vizuri na nchi hubaki gizani. Ukilifungua muda mrefu, nchi hutoka vizuri, na mbingu hufurika mpaka ikawa nyeupe tupu.

Utauliza: mbona macho yangu huona mbingu na nchi pamoja? Ni kwa sababu macho yako hayatazami mara moja tu. Ukiinua macho juu, mboni hujibana ili isiingize mwanga mwingi. Ukiyashusha chini penye kivuli, mboni hujipanua. Nawe huyapeleka huku na huku bila kujua, na akili yako yashona vipande vyote vikawa mandhari moja. Basi wewe mwenyewe, kila siku, huona kwa kutazama mara nyingi. Jambo hili tulishike, maana litatusaidia mbele.

FUNDI WA KIFARANSA

Mtu aliyesifiwa sana kwa dawa yake ya shida hii alikuwa Mfaransa, jina lake Gustave Le Gray. Alizaliwa mwaka 1820 huko Villiers-le-Bel, karibu na Paris. Kwanza alijifunza kuchora kwa rangi kwa mchoraji mashuhuri Paul Delaroche, baadaye akavutwa na kazi mpya ya picha za kamera, ambayo ilitangazwa rasmi mjini Paris mwaka 1839. Mwaka 1851 alikuwa mmoja wa wapiga picha watano waliotumwa kwa kazi ya serikali ya Ufaransa, kupiga picha za majengo ya kale katika nchi ile.

Kuanzia mwaka 1856 akaelekea baharini. Alianza katika pwani ya Normandy, upande wa kaskazini, na mwaka 1857 akaenda Sète, mji wa bandari ulio kusini mwa Ufaransa, kando ya bahari ya Mediteranea.

Usidhani alikwenda na kamera mfukoni. Siku zile hapakuwa na filamu, bali vioo. Kioo kilisafishwa, kikapakwa maji mazito yanatayo, yaitwayo kolodioni, kisha kikatumbukizwa katika dawa yenye madini ya fedha. Kikiwa bado kibichi kilitiwa katika kamera, kikapigwa picha, na papo hapo kikarudishwa gizani kuoshwa kwa dawa nyingine. Kazi yote hiyo ilipaswa kwisha katika dakika chache tu, maana kioo kikikauka, kimekufa. Kwa hiyo fundi alikwenda pwani na hema au kigari cha giza, chupa za dawa, maji safi, na mzigo wa vioo vizito, na upepo wa bahari ukipeperusha mchanga juu ya vyote.

Tena dawa ile ilikuwa na kasoro moja. Iliona rangi ya samawati upesi mno, na nyekundu na kijani kwa shida. Hebu fikiri: mbingu ni ya samawati! Ndiyo kusema mtungi wa mbingu, uliokuwa tayari chini ya maji mengi, uliongezewa na mfereji. Wapiga picha wengi wa zamani zile walikata tamaa, wakaacha mbingu zao nyeupe.

Le Gray hakukata tamaa. Alifanya hivi. Alipiga kioo kimoja kwa ajili ya bahari, akihesabu mwanga uwafaao mawimbi. Alipiga kioo kingine kwa ajili ya mbingu, akihesabu mwanga uyafaao mawingu. Mara nyingine mbingu ile haikuwa hata ya saa ile wala ya siku ile. Kisha alizikutanisha juu ya karatasi moja, pale bahari na mbingu zinapoonana kwenye upeo wa macho.

KARATASI YA UTE WA YAI

Namna ya kukutanisha ilikuwa hivi. Karatasi ya picha ya siku zile ilipakwa ute mweupe wa yai uliochanganywa na chumvi, halafu ikapakwa dawa ya fedha. Ndiyo, mama msomaji, ute wa yai ule ule unaoujua jikoni! Ute ulifanya karatasi ing'ae na kuonyesha kila mstari mwembamba. Karatasi iliwekwa chini ya kioo na kuachwa juani mpaka picha ikajitokeza yenyewe.

Basi kwanza kiliwekwa kioo cha bahari, na sehemu ya mbingu ikafunikwa isipate jua. Bahari ilipokwisha toka, kiliondolewa, kikawekwa kioo cha mbingu, na bahari ikafunikwa. Karatasi ile ile moja ilipata mwanga mara mbili, kila nusu kwa saa yake. Mpaka ulitakiwa kukutana sawasawa kwenye mstari wa upeo. Ukikosea kidogo, mstari mweusi au mweupe wakusengenya mbele ya wanunuzi.

Picha yake mashuhuri kuliko zote za namna hiyo yaitwa Wimbi Kubwa, iliyopigwa Sète mwaka 1857. Ukubwa wake ni kama sentimita 34 kwa 41. Wimbi lavunjika juu ya majabali kwa povu jeupe, upande mmoja kuna ukuta wa bandari wa kuzuia mawimbi, na juu yametanda mawingu mazito. Ukiitazama kwa makini kwenye upeo wa macho, utaona mahali mawingu yalipokatwa ghafula yakutanapo na bahari. Hapo ndipo penye mshono. Tena katika picha zake nyingine mawingu yale yale hurudi juu ya bahari nyingine, kama shuka moja ya sikukuu itandikwayo leo kitanda hiki, kesho kile.

Watu wa zamani zile hawakuwa wamezoea kuona wimbi limesimama hewani na mawingu kamili juu yake. Walistaajabu, na picha zake za bahari zilisifiwa Paris na London. Hata leo sifa haijafa. Mwaka 1999 nakala moja ya Wimbi Kubwa iliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni 500,000.

Yeye mwenyewe hakuiona fedha hiyo. Biashara yake ya Paris ilianguka mwaka 1860, akaondoka akiwaacha mke na watoto, akasafiri katika jahazi la mwandishi Alexandre Dumas. Safari ile ikamwacha Malta. Akapita Lebanoni, akafika Misri, na mjini Kairo akafundisha kuchora mpaka alipofariki mwaka 1884. Mkono wake ulikuwa na ufundi wa ajabu; nyumba yake haikufaidi.

JE, ALIDANGANYA?

Sasa turudi kwenye swali letu. Mtu mmoja aweza kusema: "Wimbi ni la saa hii na wingu ni la saa nyingine. Hakuna mtu aliyesimama Sète akaona vile. Huo ni uongo."

Usimjibu haraka. Tazama kwanza picha nyingine ya Le Gray, ya mwaka 1856, iitwayo Merikebu Juu ya Maji. Ni merikebu ndogo ya matanga, peke yake baharini, na mwanga wameremeta juu ya maji. Watu wengi walioiona walidhani imepigwa usiku kwa mbalamwezi. Kumbe ni jua la mchana, lililojificha nyuma ya mawingu! Wataalamu huihesabu picha hii kuwa ni ya kioo kimoja tu, bila mshono. Waona ajabu hiyo? Picha ya kioo kimoja iliwapoteza watu kabisa, na picha ya vioo viwili iliwaonyesha bahari na mbingu karibu sawa na macho yaonavyo. Basi idadi ya vioo peke yake haituambii kama picha ni ya kweli.

Chukua mfano mwingine. Mwaka 1858 Mwingereza mmoja, Henry Peach Robinson, alionyesha picha ya msichana anayekufa, na jamaa zake wamemzunguka kwa huzuni. Aliiunga kwa vioo vitano, na msichana mwenyewe alikuwa mzima. Wako waliochukia kuona huzuni kubwa namna ile imewekwa mbele ya macho ya watu. Hapa waona tofauti. Aliyeunga mbingu na bahari alitafuta kile ambacho kamera ilishindwa kukiona. Aliyeunga kifo alitunga hadithi, kama watu wa mchezo wa kuigiza wanavyotunga. Mchezo si dhambi, mradi watazamaji waambiwe kuwa ni mchezo.

MARA NYINGI JUU YA FILAMU MOJA

Hata sasa tumesema juu ya vioo viwili na karatasi moja. Iko njia nyingine, iliyokuja na filamu: kufungua jicho la kamera mara mbili, mara nne au mara nane juu ya kipande kile kile cha filamu, bila kukisogeza.

Wazee wengine waijua njia hii kwa bahati mbaya. Kamera za sanduku za zamani, kama zile za Brownie zilizoanza kuuzwa mwaka 1900, hazikumzuia mtu kupiga mara mbili mahali pamoja. Aliyesahau kuzungusha filamu alipata bibi arusi amesimama ndani ya tumbo la ng'ombe, na familia nzima ikacheka. Lakini jambo lililokuwa ajali kwa mmoja, kwa mwingine ni ufundi. Kanuni zake ni tatu.

Ya kwanza: gawa mwanga. Kama picha moja yahitaji kufungua kwa sehemu ya 15 ya sekunde, nawe wataka kupiga mara 8, basi kila mara fungua kwa sehemu ya 120 tu. Katika kamera nyingi utakuta imeandikwa 125, nayo yatosha. Haba na haba hujaza kibaba. Ukisahau kugawa, kibaba kitafurika na picha yote itakuwa nyeupe.

Ya pili: penye weusi pana nafasi, penye weupe pamekwisha kujaa. Picha ya pili hukaa vizuri juu ya kivuli cha picha ya kwanza. Haiwezi kukaa juu ya mbingu nyeupe, kama vile huwezi kutia maji katika mtungi uliojaa.

Ya tatu: kisichotikisika hubaki, na kinachotembea huyeyuka. Mwamba ukipigwa mara 8 utatoka mwamba ule ule, thabiti, maana kila mara ulikuwa pale pale. Lakini wimbi kila mara lilikuwa mahali pengine. Kwa hiyo mawimbi 8 huchanganyika, na maji yaliyo mbele ya mwamba huonekana laini kama ukungu wa alfajiri. Ngalawa iliyovutwa ufukoni hubaki wazi. Ile inayoelea huwa na kivuli cha ngalawa nyingi ndogo pembeni yake.

Hivi sivyo aonavyo mtu anayetupa jicho mara moja. Lakini mtu aliyeketi juu ya mwamba tangu asubuhi, akisikiliza bahari ikija na kurudi, atasema, "Naam, hivi ndivyo palivyo."

KISIWA KIONEKANACHO NA KUPOTEA

Kule Sète, bahari ya Mediteranea haipandi wala kushuka sana. Mwambao wetu wa Afrika Mashariki ni tofauti kabisa. Siku za bamvua maji hupanda na kushuka kadiri ya mita 3 hadi 4, na kutoka kujaa mpaka kupwa ni kama saa 6 na dakika chache. Mahali ambapo asubuhi akina mama waliokota chaza kwa miguu, jioni jahazi lapita na tanga lake.

Sasa fikiri juu ya Maziwe, mbele ya Pangani, katika mkoa wa Tanga. Zamani kilikuwa kisiwa chenye miti, na kasa walipanda kutaga mayai yao katika mchanga wake. Mwaka 1975 kilitangazwa kuwa hifadhi. Lakini bahari ilikila kisiwa kile kidogo kidogo, miti ikaanguka, na leo ni fungu la mchanga lililozungukwa na matumbawe. Maji yakipwa fungu laonekana, jeupe, watu wakatembea juu yake. Maji yakijaa lafunikwa lote.

Basi mtu mmoja aende Maziwe wakati wa kupwa akapige picha moja. Atarudi akisema, "Kisiwa kipo, nimekikanyaga." Mwingine aende wakati wa kujaa akapige picha moja. Atasema, "Hakuna kisiwa, ni maji matupu." Wote wawili wana picha safi, hawakuunga wala hawakuficha kitu. Nao watabishana mpaka usiku wa manane, kila mmoja akipiga picha yake kwa kidole!

Ni nani atakayewapatanisha? Ni yule aliyeweka kamera mahali pamoja, akapiga maji yakiwa yamejaa, akangoja, akapiga tena yalipokupwa, akaziunganisha. Katika picha yake mchanga waonekana kama kivuli chini ya maji, na maji kama pazia jembamba juu ya mchanga. Picha hiyo si ya saa fulani. Lakini kuhusu Maziwe, yasema kweli kuliko kila moja ya zile mbili.

UKITAKA KUJARIBU

Vijana wengi wataniuliza kama waweza kufanya haya kwa simu. Ndiyo. Tena yafaa mjue kwamba simu nyingi za leo huifanya kazi ya Le Gray zenyewe, kimya kimya. Ukibonyeza mara moja, simu hupiga picha kadhaa upesi upesi, nyingine ya mwanga mdogo na nyingine ya mwanga mwingi, ikachagua mbingu katika hii na nchi katika ile, ikaziunga kabla hujashusha mkono. Ndiyo maana mbingu za simu za siku hizi si nyeupe kama zile za picha za ukutani. Kwa hiyo asiseme mtu, "Mimi sipigi picha za kuunga." Pengine umeunga jana, hukujua tu.

Kwa kupiga mara nyingi kwa makusudi, kamera nyingine zina sehemu yake maalumu, na kwa simu ziko programu za kuweka picha moja juu ya nyingine. Fanya hivi.

Waulize kwanza wavuvi. Wao wajua siku za bamvua na siku za maji mafu, na saa ya kujaa na kupwa. Bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na hapo ndipo tofauti huwa kubwa.

Simamisha kamera imara. Stendi ya miguu mitatu ni nzuri. Huna, mfuko uliojazwa mchanga juu ya jiwe watosha. Kamera ikisogea kidogo tu kati ya picha na picha, mwamba utakuwa na kivuli chake pembeni kama mtu mwenye pacha.

Kama itakubidi kuondoa kamera na kurudi baada ya saa 6, acha alama juu ya jiwe mahali ilipokaa, na chagua kitu cha mbali, kama mnazi au mnara, kiwe katikati ya picha kila mara. Kumbuka pia kwamba jua litakuwa limehama. Siku ya mawingu ni nzuri kwa sababu vivuli ni vichache.

Tena usisahau chumvi na mchanga, adui wa kila kamera. Futa kwa kitambaa kikavu na laini kabla ya kurudisha mfukoni. Na usiipe bahari mgongo unapotazama kamera. Watu wamelowa, na wengine wamepata msiba, kwa kusahau kwamba maji yanajaa.

Zitunze picha zote mbili za asili, pamoja na ile ya kuunga. Hiyo ni amri kubwa, na sasa nitakueleza kwa nini.

UONGO WAANZA WAPI

Bahari si mandhari tu. Kwa watu wa pwani ni shamba, ni njia, na mara nyingine ni jirani mkali. Huko Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, imekuwa ikila ufuko kwa miaka mingi. Watu wanaokaa mahali kama pale huhitaji picha zao ziwe ushahidi.

Tuseme maji yanakula ufuko wenu, na mnazi wa marehemu babu umekwisha kuanguka. Mwataka kwenda ofisini kuomba msaada. Je, mtapeleka picha ya kuunga, yenye kujaa na kupwa pamoja? Hasha! Mtazamaji atauliza, "Maji haya yalifika hapa lini?" nanyi hamtaweza kumjibu kwa picha ile. Pelekeni picha moja moja, kila moja na tarehe yake na saa yake, zilizopigwa kutoka mahali pale pale mwaka hata mwaka. Ushahidi hutaka kila shahidi asimame peke yake na aseme aliloliona.

Lakini msidhani ya kwamba picha moja moja haidanganyi. Tuseme muuza kiwanja anapiga picha ya kiwanja chake cha pwani wakati wa kupwa, mchanga umeenea mpaka mbali, pakavu pazuri. Mnunuzi wa bara, asiyejua bamvua, alipa fedha zake za kahawa za miaka mitatu. Akija kuona, maji yamefika kwenye nguzo za nyumba. Picha ile haikuungwa hata kidogo. Ilikuwa ya kioo kimoja, na ilimwibia mtu.

Basi uongo hauanzii pale picha mbili zinapokutana. Waanza pale mpiga picha anapojua kwamba mtazamaji atadhani jambo fulani, na jambo hilo si kweli, naye akanyamaza ili apate faida. Aliyeunga bahari na mbingu akasema, "Nimeunga," hakumdanganya mtu. Aliyepiga mara moja akaficha saa, amedanganya.

Kwa hiyo, wazazi, wafundisheni watoto maswali matatu kila waonyeshwapo picha, iwe ya bahari au ya jambo jingine lolote: Alipiga nani? Alipiga lini, saa ngapi? Alipiga mara ngapi? Anayewaletea picha akikataa kuyajibu, msiipeleke picha hiyo kwa jirani, hata kama ni nzuri namna gani.

Nanyi mnaopiga, andikeni. Nyuma ya picha ya karatasi andika kwa kalamu ya risasi, polepole isije ikatoboka: mahali, tarehe, saa, na idadi ya picha zilizoungwa. Kwa picha ya simu, andika maneno hayo hayo chini yake kabla ya kuituma. Mstari mmoja watosha: "Maziwe, maji yakijaa na yakipwa, picha mbili zimeunganishwa." Mjukuu wako atakayeiona baada ya miaka hamsini, wakati fungu lile labda limebaki au limetoweka kabisa, atajua hasa babu yake aliona nini.